Safari ya Unguja na Vitabu Viwili Mkobani

Wapo watu vijijini mwetu wasemao kwamba kitabu cha hadithi ni kazi ya mtu asiye na shamba. Atakaye kusoma, wasema, na asome sala, au barua ya mwanawe, au maelezo ya mbegu yaliyoandikwa kwenye mfuko. Mimi ni karani wa parokia. Vitabu ndivyo kazi yangu, lakini ni vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu, wala hakuna avisomaye kwa kujifurahisha. Basi mwaka jana, baada ya mavuno, nilipewa likizo ya siku sita. Nikaenda Unguja kumtembelea rafiki yangu, mwalimu niliyesoma naye chuo cha ualimu, na mkobani nikatia vitabu viwili vya hadithi vyenye habari za pwani ile na kisiwa kile. Nataka nikueleze niliyoyaona huko, na neno moja nililorudi nalo nyumbani, maana lakuhusu wewe mwenye watoto.

Kitabu cha kwanza chaitwa Peponi. Mwandishi wake ni Bwana Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana, akawa mwalimu wa chuo kikuu huko. Mwaka 2021 alipewa Nishani ya Nobel ya fasihi. Kitabu hiki alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1994. Sisi wa Kiswahili tulingoja mpaka mwaka 2022, Bibi Ida Hadjivayanis alipokifasiri, nacho kikapigwa chapa Dar es Salaam. Kitabu cha pili ni Vuta N'kuvute cha Bwana Shafi Adam Shafi, naye ni mtu wa Unguja, kilichotoka mwaka 1999. Hiki hakikuhitaji mfasiri, maana kiliandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, tena Kiswahili chenye chumvi.

MELINI

Kutoka Dar es Salaam meli za siku hizi huchukua yapata saa mbili kufika Unguja. Sisi watu wa bara hatuna mazoea na bahari. Mara tulipotoka nje ya bandari mawimbi yakaanza kutupima, na vijana wa melini wakapita wakigawa mifuko kwa wale ambao chai ya asubuhi ilikuwa haikubali kukaa. Mimi nilifungua Peponi nisitazame maji.

Hadithi yaanza na mtoto aitwaye Yusufu, umri wake miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli katika mji mdogo wa bara, na biashara imemlemea. Tajiri mmoja wa pwani, Bwana Aziz, hupita mara kwa mara na misafara yake. Ni mtu mpole, mwenye kunukia manukato, na kila aondokapo humpa mtoto sarafu. Yusufu amezoea kumwita kama mtu amwitavyo ndugu wa baba yake. Siku moja aambiwa kwamba atafuatana na mgeni huyo kwenda pwani. Apewa kifurushi kidogo: nguo chache, Kurani, na tasbihi ya zamani ya mama yake. Apanda gari la moshi akifurahi, kwa kuwa ni safari. Hajui kwamba baba yake ana deni, na kwamba yeye ndiye rehani.

Afikapo pwani awekwa dukani pamoja na kijana mwingine, Khalil, ambaye naye aliletwa kwa deni la babaye. Usiku hulala nje, barazani mwa duka. Na jambo la kwanza Khalil alilomfundisha Yusufu halikuwa bei ya mchele. Alimfundisha kwamba yule tajiri si ami yake, na kwamba tangu siku ile amwite Seyyid.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Mnara wa Beit al-Ajaib, ulioanguka pamoja na sehemu ya jumba lenyewe siku ya Krismasi mwaka 2020, haukuwapo tena wa kutupokea kama katika picha za zamani, lakini minara ya misikiti na ile miwili ya kanisa letu ilikuwa ikionekana wazi. Tulitia nanga Malindi, mtaa wa bandarini aliokulia Bwana Gurnah. Rafiki yangu alikuwa akiningoja langoni.

MJI MKONGWE

Mji Mkongwe ni mji wa vichochoro. Nyumba ni ndefu, za mawe na chokaa, zimekaribiana hata watu wa ghorofani waweza kuamkiana bila kupaza sauti. Milango ni ya mbao nzito iliyonakshiwa, mingine ina misumari ya shaba iliyochongoka. Mwaka 2000 mji huu uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni hupiga picha milango. Mimi, kwa sababu ya kitabu, nilitazama mabaraza.

Baraza ni ile benchi ya mawe iliyojengwa pamoja na ukuta, nje ya nyumba. Wazee hukaa hapo jioni kunywa kahawa na kucheza bao. Katika kitabu, baraza kama hilo ndilo kitanda cha watoto wawili wa rehani. Na nyuma ya duka lile mna bustani iliyozungushiwa ukuta, yenye maji, michungwa na mikomamanga, na Yusufu aitamani kuliko kitu chochote. Ndiyo pepo yenyewe, lakini mwenyewe ni yule aliyemshika rehani. Mtunza bustani ni mzee aitwaye Hamdani, aliyekuwa mtumwa. Bibi wake alipotaka kumpa uhuru, mzee alikataa kuupokea kama zawadi, akiuliza ni nani aliyemwambia kwamba uhuru wa mwenziwe ulikuwa mkononi mwake autoe. Nilisimama mbele ya mlango mmoja mkubwa, umefungwa, mti wa komamanga umechungulia juu ya ukuta, nikakumbuka maneno hayo ya mzee.

Kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyozidi kuijua hadithi hii, na yamkini wewe pia umekwisha itambua. Mtoto mzuri wa sura aitwaye Yusufu, aliyetolewa nyumbani kwao kwa mali. Nyumba ya tajiri ugenini. Mke wa bwana mkubwa anayemtamani. Ni Yusufu wa Kitabu cha Mwanzo, aliyeuzwa na ndugu zake kwa vipande ishirini vya fedha. Rafiki yangu ni Mwislamu, naye aliniambia kwamba kwao Yusufu ana sura yake nzima katika Kurani, ya kumi na mbili. Tuliweka habari hizo mbili pamoja usiku ule. Katika Biblia yule mwanamke abaki na vazi mkononi, na Yusufu atupwa gerezani kwa ushahidi wa uongo. Katika Kurani kanzu yararuliwa kwa nyuma, na mraruko huo ndio unaoonyesha kwamba kijana alikuwa akikimbia. Bwana Gurnah aliichukua kanzu iliyoraruka nyuma akaitia katika duka la pwani ya Tanganyika, miaka ile Wajerumani walipokuwa wakijenga reli. Hivyo ndivyo kitabu kinavyozaa kitabu. Wala haiibi hadithi ya zamani. Aiuliza swali jipya. Yusufu wa zamani aliinuliwa akawa mkubwa wa Misri. Huyu wa Peponi, ni nani atakayemwinua?

KIOO NA UKUTA

Siku ya Jumapili nilisali katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo watu wote wa mji, Wakristo na Waislamu, huliita Minara Miwili. Lilijengwa na wamisionari Wafaransa kati ya mwaka 1893 na 1898. Vioo vya rangi vililetwa kwa meli kutoka Ufaransa, na kuta za ndani zimepakwa michoro ya mtindo wa huko. Baadhi yake ilikarabatiwa baadaye na mikono isiyo hodari, na jicho laona. Hata hivyo jua la asubuhi lilipopenya vioo, sakafu ilijaa rangi, na mtoto mmoja aliyekuwa mbele yangu akawa akijaribu kuikanyaga nyekundu.

Nilifikiri: hii nayo ni kazi iliyotoka katika kitabu. Fundi wa kioo alisoma, au alisomewa, kisha akawaandikia kwa rangi wale wasiojua herufi. Bibi zetu wengi walijifunza Biblia kwa njia hiyo, kwa picha za Njia ya Msalaba ukutani.

Kutoka hapo nilikwenda Mkunazini, penye Kanisa Kuu la Waanglikana. Msomaji, mahali pale palikuwa soko la watumwa. Lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka ule ule. Askofu Edward Steere aliyelijenga ndiye aliyekusanya hadithi za Waswahili akazipiga chapa mwaka 1870, na akafanya kazi kubwa ya kufasiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja. Katika kiwanda chake cha chapa walifanya kazi vijana waliokombolewa katika majahazi ya watumwa. Hebu waza: mtoto aliyekuwa bidhaa, sasa apanga herufi za risasi, moja moja, na kurasa zatoka zikinuka wino.

Uwanjani pale mna shimo, na ndani yake sanamu tano za watu, wake kwa waume, wamefungwa mnyororo shingoni. Zilichongwa na Bibi Clara Sörnäs, Mswidi, zikawekwa mwaka 1998. Wageni huinama kuzitazama. Mimi nilikaa pembeni kwa muda. Mnyororo waonekana, kila mtu apitaye aujua kuwa ni mnyororo. Yusufu wa kitabu changu hakuwa na mnyororo hata mmoja. Alikuwa na neno la undugu tu, nalo likamshika miaka yote ile.

NG'AMBO

Nyumba ya rafiki yangu iko Ng'ambo. Jina hilo latokana na ghuba ndogo iliyokuwa ikiutenga Mji Mkongwe na upande huu wa watu maskini. Ghuba ilifukiwa zamani, sasa ni barabara kubwa yenye soko na magari, lakini jina limebaki. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 majumba marefu ya ghorofa yalijengwa Michenzani kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, na mitaa mingi ya nyumba za udongo ikabomolewa.

Hapo ndipo Vuta N'kuvute ilipopata makao yake. Habari ni za miaka ya 1950, Waingereza wangali wakitawala. Yasmini ni binti wa Kihindi, bado mdogo, ambaye wazee wake wamemwoza kwa Bwana Raza, mtu wa makamo, mwenye duka. Hakuna aliyemwuliza. Akimbia. Mjomba wake amfungia mlango kwa aibu ya jamaa. Anayemfungulia ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo asiye na kitu, ila chumba kimoja na moyo mkunjufu. Huko Yasmini akutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, ambaye askari wa upelelezi wamwandama kwa sababu ya siasa na magazeti yaliyopigwa marufuku. Mapenzi na siasa vyavutana mpaka mwisho, na sitakuambia mwisho wenyewe.

Kitabu hicho nacho kimezaa. Mwaka 2021 Bwana Amil Shivji alikitengeneza kuwa filamu, ikapigwa Unguja kwenyewe, na mwaka ule ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Rafiki yangu alitufungulia usiku mmoja ukutani, kwa mashine ya shule, na majirani wakaja na mikeka. Filamu haikueleza yote yaliyomo kitabuni. Kitabu kina sauti nyingi, mizaha mingi, na mambo ya chinichini ya chama, ambayo filamu imeyapita upesi. Lakini filamu ina kitu ambacho karatasi haina: uso wa binti. Bibi Ikhlas Gafur Vora, anayecheza Yasmini, akaa kimya karibu na mumewe, na kwa kimya kile waelewa kila kitu. Mahali ambapo mwandishi ametumia ukurasa, yeye atumia kope za macho. Ninyi mtakaopata vyote viwili, nawashauri muanze na kitabu, ili nyuso mzijenge wenyewe kwanza.

Mama yake rafiki yangu, bibi mwenye mvi, alitazama nasi mpaka mwisho. Kesho yake, akichambua mchele, aliniambia, "Mwanangu, nisomee na hicho kingine ulichokuja nacho." Nikamsomea Peponi tangu mwanzo. Nilipofika pale mtoto apandapo gari la moshi, bibi alisimamisha ungo.

"Na mama mtu je?" akauliza. "Yeye aliulizwa?"

Nikamjibu kwamba mwandishi hakusema kuwa aliulizwa.

"Basi endelea," akasema. "Ndivyo vilivyokuwa."

NENO LENYEWE

Msomaji mpenzi, sasa nafika kwenye lile neno. Vitabu hivi viwili vyaeleza nyakati mbili zilizo mbali na sisi: kimoja miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kingine miaka ya mwisho ya Waingereza. Lakini vyote viwili vina mtoto aliyetolewa na wazee wake, kwa jina zuri. Mmoja aliambiwa aenda kwa ami yake. Mwingine aliambiwa aenda kuwa mke wa mtu mwenye mali.

Na sisi je? Ofisini kwetu huja wazazi kutaka nakala ya cheti cha ubatizo cha mtoto, mara nyingi binti wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Ukiuliza aenda wapi, waambiwa, "Aenda mjini kwa shangazi yake." Ukifungua kitabu cha ubatizo na kutafuta ukoo, shangazi huyo humwoni. Ni mke wa mtu aliyemkopesha baba mbolea, au aliyelipa gharama za hospitali wakati wa ugonjwa. Amesema, "Nitamchukua kama mwanangu, atanisaidia kazi ndogondogo, nami nitamsomesha." Wengine hutimiza neno lao, na tuwashukuru. Lakini wako mabinti ambao miaka mitatu baadaye hawajaona daraja la shule, huamka kabla ya adhana na kulala wa mwisho, na mshahara wao umekwenda kwa baba kupunguza deni ambalo wao hawakulila.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kwamba hata kazi nyepesi haimpasi kabla ya miaka 14, wala isimzuie kusoma. Sheria ipo. Lakini sheria haikai jikoni mwa watu usiku.

Baada ya kurudi niliisoma Peponi katika jumuiya yetu ndogo ndogo, jioni nne, sura mbili tatu kila jioni, baada ya sala. Kulikuwako baba mmoja ambaye siku chache kabla alikuwa ameniulizia cheti cha binti yake wa darasa la sita. Jioni ya pili aliniuliza kitu kimoja tu: "Huyo tajiri wa kitabuni, alikuwa mtu mbaya?"

Nikamwambia kweli. Mwandishi hakumfanya kuwa mbaya. Bwana Aziz hapigi watoto, hasemi maneno makali, husali kwa wakati, hunukia vizuri. Hilo ndilo jambo la kutisha katika kitabu kile: hakuna hata mmoja anayejiona kuwa ametenda dhambi. Baba yule aliinamisha kichwa, hakuuliza zaidi. Cheti hakuja kukichukua. Binti bado yu darasani hapa hapa kijijini. Na deni nalo lipo, halijaisha. Alilipa kwa mbuzi wawili, na lililobaki amepewa muda mpaka mavuno mengine. Sikuambii kwamba ni kitabu kilichofanya hayo. Nakuambia yaliyotokea tu.

Kwa hiyo, wewe mzazi, likija neno la kumtoa mtoto, nakuomba ujiulize mambo machache kabla ya kufunga kifurushi. Huyo aitwaye ami au shangazi, ni ndugu kwa damu au kwa deni? Je, shule atakayosoma mtoto yajulikana jina, na mwalimu wake waweza kumpigia simu? Nani atakayekwenda kumwona kabla ya miezi mitatu kupita? Na lile la bibi wa Ng'ambo: mama yake aliulizwa? Nami naongeza: mtoto mwenyewe aliulizwa?

Habari ya vitabu, msomaji, ni kweli kwamba vina bei. Lakini nyumba tano zikichanga, kitabu kimoja chapatikana, na nyumba tano zasoma. Asiyejua kusoma na asomewe. Si aibu, hata bibi yule alisomewa, tena ndiye aliyeuliza swali kuliko sisi wasomi wawili. Mkimaliza kusoma, msikifungie sandukuni. Wapeni watoto wenu wachore waliyoyasikia, kwa mkaa ukutani au kwa kalamu katika daftari, kama mafundi wa vioo walivyofanya na kama wenye filamu wafanyavyo. Kisha mtazame mtoto amemchora nani, na amemweka wapi. Huenda michoro hiyo ikawaambieni jambo ambalo mtoto hakuthubutu kulisema kwa mdomo.



Karani wa Parokia